Ukipeleka vekta ya R kwenye C++, piga clone (nakala) kwanza

Wakuu mnaotumia Rcpp (kifurushi cha kuunganisha R, lugha ya takwimu, na C++), kama fanksheni yako ya C++ inabadilisha namba ndani ya vekta (orodha ya namba) usiandike NumericVector y = x; andika NumericVector y = clone(x); maana ile ya kwanza hainakili kitu, y na x zinashika sehemu ileile ya memori, ukigusa y umeshagusa data yako kule R. Mimi nilikuwa napiga logi (logariti asilia) kwenye kilo za dagaa za mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, narudi R nakuta safu ya kilo yenyewe imebadilika, ndoo ya kilo 20 inasoma 2.995732, nikirun tena inapiga logi juu ya logi na hakuna era hata moja. Na kama ulishaandika b <- a ukidhani b ndo bakapu, nayo inabadilika vilevile, R haijui kama C++ imeingiza mkono.

Sasa kuweni makini na hili, ukijaribu kwa 1:10 (namba 1 hadi 10) utaona kila kitu kiko salama, kumbe zile ni namba kamili na NumericVector inataka desimali, kwa hiyo inatengenezwa nakala kimyakimya. Jaribu na c(1.5, 20) ndo utaona ukweli.

Clone inakula memori lakini, vekta ya namba milioni 10 ni kama MB 80 nyingine, kwa hiyo fanksheni ikiwa inasoma tu bila kubadilisha, clone iache.