Kufunga mishikio ya fimbo kwenye ndege ya kujijengea: mshikio ni kazi ndogo, nyaya ndizo kazi

Mwongozo huu ni wa ndege ndogo ya viti viwili vya kukaa sambamba, yenye fimbo mbili za kuongozea na mishikio ya vitufe. Vipimo ni vya fimbo ya bomba la chuma cha kromoli 4130, kipenyo cha nje inchi 1 (mm 25.4), unene wa ukuta mm 1.5 hivi. Kama bomba lako ni la inchi 7/8 (mm 22.2) na tundu la mshikio ni la inchi 1, utahitaji bushi (pete ndefu ya kujaza nafasi) ya alumini yenye ukuta wa mm 1.6. Fundi yeyote wa kuchonga vyuma kule Kizota, Dodoma, ataichonga bila shida. Usijaze nafasi hiyo kwa kuzungusha tepu. Joto la mchana la Dodoma hulainisha gundi ya tepu, na mshikio unaanza kuzunguka mkononi.

Kama ndege tayari ina kibali cha kuruka, zungumza na mkaguzi wa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla ya kugusa chochote kwenye mfumo wa uongozi.

Hatua ya 1: Vifaa

Skrubu, msasa, tupa na biti za drili utazipata kwenye masoko ya Majengo au Sabasaba. Nyaya za ndege agiza. Tumia nyaya zenye ganda la Tefzel (namba yake ni M22759/16), unene wa AWG 22 (kipimo cha Kimarekani cha waya), za nyuzi nyingi. Waya wa gari wenye ganda la PVC ukiungua hutoa moshi mzito, na chumba cha rubani hakina pa kuukimbilia. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja nao hukatika upesi ukikunjwa kila siku.

Hesabu nyaya mapema. Kitufe cha redio kinahitaji waya mmoja na arthi yake. Swichi ya trimu (mfumo unaompunguzia rubani kazi ya kushikilia fimbo) ya pande nne inahitaji nyaya nne, kitufe cha kukata otopailoti waya mmoja, na arthi ya pamoja waya mmoja. Jumla ni nane kwa kila fimbo. Arthi ya redio nimeitenga makusudi: irudi moja kwa moja kwenye intakomu (kifaa cha mazungumzo ya ndani ya ndege). Ukiichanganya na ya trimu, redio itapokea kelele.

Swichi ya kuwashia injini usiiweke kwenye mshikio hata kama kitufe kimebaki. Mkono wa abiria haujui kitufe kipi ni cha nini.

Hatua ya 2: Kupima urefu, kisha kukata

Weka viti na mito yake, funga mikanda, na mwenye mapaja manene kati ya watakaorusha ndege hiyo akae. Avae jaketi, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai hapa zina baridi na watu huruka wakiwa wamejifunika. Vesha mshikio kwenye fimbo bila kuufunga. Sukuma fimbo mbele mpaka kizuizi, kisha kushoto na kulia. Ivute nyuma kabisa, na ukiwa hapo nyuma nenda pembe zote mbili. Mshikio usiguse dashibodi, paja wala kifungo cha mkanda. Kinachotakiwa kuzuia fimbo ni vizuizi vya elevata (kibawa cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) na aileroni (vibawa vya kuinamisha ndege pembeni) peke yake.

Mshikio ukigusa, kata bomba sentimita 1, pima tena. Usikate kwa kukisia. Kila unachokata kinaongeza uzito mkononi: fimbo ya sm 50 kutoka kwenye ekseli (mhimili wa chini ambao fimbo inazungukia) ikibaki sm 45, nguvu ya kuisogeza inapanda kwa asilimia 11 hivi, na ndege inakuwa nzito kwa rubani mwenye mkono mwepesi. Fimbo itolewe kwenye ndege kabla ya msumeno kuigusa. Ukikata ikiwa ndani, vumbi la chuma litaingia kwenye beringi za chini.

Hatua ya 3: Pembe

Kaa, funga macho, shika mshikio. Mkono wa kulia haunyooki mbele, unaelekea ndani. Kwa kiti cha kushoto mshikio utageuka kama nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kushoto. Weka alama kwa tepu ya karatasi, bomba na mshikio kwa pamoja.

Hatua ya 4: Kutoboa na kufunga

Watu wengi hukata uzi wa M4 kwenye ukuta wa bomba na kuingiza skrubu. Mimi siikubali njia hiyo. Uzi wa M4 una hatua ya mm 0.7, kwa hiyo ukuta wa mm 1.5 unakupa mizunguko miwili tu ya uzi, na itakatika siku utakayokaza zaidi. Tumia bolti ya M4 inayopita upande hadi upande, na nati ya kujifunga iliyozama kwenye mshikio. Ndani ya bomba kuna nafasi ya mm 22 hivi, nyaya nane zitapita pembeni ya bolti bila kubanana. Ivishe bolti mpira unaosinyaa kwa joto ili nyaya zisisuguane na uzi wake.

Toboa ndani ya sm 5 za juu. Nguvu ya kukunja fimbo ni ndogo karibu na mkono na kubwa karibu na ekseli, kwa hiyo tundu la juu halidhoofishi kitu na tundu la chini linadhoofisha. Anza na biti ya mm 2.5, malizia na mm 4, kwenye drili ya kusimama na kitako cha V. Kwangua kingo za matundu kwa ndani, pitisha kitambaa, kisha sumaku.

Hatua ya 5: Kuchomelea swichi

Risasi ya kuchomelea iwe yenye rojo la rosini ndani. Ile asidi ya mafundi mabati isikaribie kabisa, kwani inaendelea kula shaba miezi baada ya kazi. Risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapoishia. Kwa hiyo kila kiungo kifunikwe na mpira wa kusinyaa unaopita sm 2 zaidi ya risasi.

Kuziba vumbi nyuma ya swichi kwa silikoni inafaa, ila inuse kwanza. Ikinuka siki, iache. Aina hiyo hutoa asidi inapokauka na hushambulia shaba. Tafuta isiyo na harufu ya siki.

Hatua ya 6: Nyaya pale chini ya fimbo

Hapa ndipo saa zinapokwisha, na hapa ndipo ndege inaweza kukwama usukani angani. Soma yote kabla ya kuanza.

Fimbo inakwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia. Nyaya zikitoka mbali na ekseli, kila mwendo unazivuta. Zikitoka karibu na ekseli, zinajipinda kidogo tu. Kwa hiyo tundu la kutokea liwe karibu na ekseli kadiri bomba linavyoruhusu bila kutoboa eneo la beringi wala la kuchomelea. Kama mchoro wa mjenzi haukupi nafasi salama ya kutoboa hapo, usitoboe. Pitisha nyaya kwenye mdomo wa chini wa bomba ulio wazi. Tundu lolote liwe na gromiti (pete ya kukinga waya na kingo) ya mpira.

Kutoka hapo nyaya zifanye kitanzi, kisha zifungwe kwenye sakafu kwa klampu ya chuma yenye mpira. Urefu wa kitanzi ndio mtihani. Kikiwa kifupi, fimbo ikifika pembeni kinavuta viungo vya juu na waya unakatika ndani ya ganda bila kuonekana. Redio itafanya kazi fimbo ikiwa katikati na kunyamaza ukivuta nyuma. Kikiwa kirefu, kinaanguka kwenye kiwiko cha mfumo wa uongozi au kwenye bomba la kusukuma elevata. Huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Bora kitanzi kilale ubavu, sambamba na sakafu, ili waya ujisokote badala ya kukunjika mahali pamoja.

Upimaji: ondoa kiti, weka taa chini, mtu mmoja azungushe fimbo polepole pembe zote nne, mwingine aangalie kitanzi. Rudieni kwa fimbo ya pili, kwa sababu zimeunganishwa na moja inaweza kuvuta waya wa nyingine. Kisha sukumeni kitanzi kwa kidole kuelekea kila kichwa cha bolti kilicho karibu. Kama kidole kinaweza kukinasisha, mtikisiko nao utaweza.

Msifunge nyaya kwenye bomba la fimbo kwa zipu za plastiki tupu. Vumbi la Dodoma limetoka kwenye mawe ya granaiti, lina chembe za kwatzi ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Likiingia chini ya zipu linafanya kazi ya msasa, rangi inaisha, kisha ganda la waya. Tangulizeni tepu ya silikoni, ndipo zipu, na mkia wake ukatwe bila kuacha ncha. Grisi nayo isipakwe nje ya ekseli. Inakusanya vumbi lile lile.

Mwisho wa nyaya uwe konekta ya pini 15 iliyobanwa kwa koleo lake, chini ya kiti, mdomo ukitazama chini. Fimbo itatoka bila kukata waya.

Hatua ya 7: Umeme

Trimu ipite kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Bila rilei, rubani akibonyeza juu na abiria chini, nyaya zinagongana na fyuzi inaungua. Weka fyuzi au kikata umeme cha ampea 1 cha trimu peke yake, mahali mkono unapofika. Weka pia swichi ya kuzima vitufe vya upande wa abiria.

Sukuma swichi ya trimu mbele. Kibao cha trimu kwenye elevata lazima kipande juu, ndipo elevata ishuke na pua ya ndege ishuke. Kikishuka, badilishanisha nafasi za nyaya za mota.

Hatua ya 8: Ukaguzi

Mtu wa pili asiyeshiriki kazi akague mwendo wote wa fimbo, bolti, nati na kitanzi, kisha wote wawili msaini kwenye logi ya ndege. Baada ya saa 10 za kuruka, na tena baada ya 25, fungua sakafu uangalie ganda la waya pale kwenye gromiti na klampu. Ukiona mng'ao mahali ganda lilipokuwa halina mng'ao, kitanzi kinagusa kitu. Usiruke tena mpaka ukijue ni kitu gani.