"Would" moja tu: sentensi za "if" kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili

Juzi hapa Moshi nilikaa na dogo mmoja, mgumu wa kubeba mizigo mlimani, anajiandaa kwa usaili wa kuongoza wageni. Kiingereza anacho, ila akifika kwenye "if" anateleza. Tulienda hivi.

Hatua ya 1. Weka pembeni lile jedwali la vitabuni la aina nne za sentensi za "if". Mimi huanza na viambishi vyetu: -ki-, -nge-, -ngali-.

Hatua ya 2: -ki-. Ikinyesha, tutasubiri: "If it rains, we will wait." "Will" haiingii upande wa "if". Basi.

Hatua ya 3: -nge-. Hapa enzi zangu nilikesha. Kiswahili kinarudia: ningekuwa na koti zito, ningelala vizuri. Nge huku, nge kule. Dogo akahamisha vilevile, mara tatu kwenye daftari: "If I would have a warm jacket, I would sleep well." Kiingereza kinataka "would" moja, nje ya "if": "If I had a warm jacket, I would sleep well." Hiyo "had" si ya jana, koti halipo sasa hivi. Chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kuanzia "if" hadi kwenye mkato. Ukikuta "would" humo, ikate. Mgeni akisema "If you would wait here", huyo anaomba kwa adabu, mwache. Na sema "If I were you". "Was" utaisikia sana, lakini kwenye usaili usibahatishe.

Hatua ya 4: -ngali-. Tungaliondoka kambi ya Barafu mapema zaidi, tungalifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kabla jua halijachomoza: "If we had left Barafu earlier, we would have reached Uhuru before sunrise." Shida ni kwamba mtaani -ngali- tumeiacha, tunasema "tungeondoka" kwa yote, kwa hiyo jiulize: jambo limeshapita? Kama ndiyo, weka "had" na kitenzi cha safu ya tatu (go, went, "gone"). Halafu kuna 'd. "If we'd left, we'd have reached": ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Mpaka uzoee, andika kirefu.

Hatua ya 5. Tunga zako kumi, kwa sauti. Ya mwisho ya dogo: "If I had known this last year, I would have passed." Sarufi safi. Nikamwambia hiyo mbele ya wasaili asiitoe.