Kumkamulia maziwa mtoto njiti: anza na mishipa ya fahamu

Mzazi wa mtoto njiti, Unguja au Pemba, hukamua akapata matone mawili, akaambiwa hana maziwa. Mara nyingi maziwa yamo. Kilichokosekana ni amri ya kuyatoa.

Chuchu ikiguswa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, ikapanda hadi haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo. Seli za hapo zina nyuzi ndefu zinazoshuka mpaka sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, na oksitosini, homoni inayotoa maziwa, huwekwa kwenye ncha za nyuzi hizo. Seli zikishtuka pamoja, homoni humwagika kwenye damu, na kwa muda usiozidi dakika moja hivi vimisuli vya titi hubana maziwa yakatoka. Haidumu kwenye damu, ndiyo maana maziwa huja kwa vipindi. Yakikatika, endelea.

Basi tayarisha mishipa kwanza. Mzazi akae, ainamie meza, alaze kichwa juu ya mikono, kanga ilegezwe matiti yaning'inie. Mama yake au mkunga akunje ngumi, atangulize vidole gumba, akande kwa viduara vidogo pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka shingoni hadi kwenye mafupa ya mabega, dakika 2 hadi 3. Mtoto awe kifuani, ngozi kwa ngozi. Ikiwa haiwezekani, amtazame. Hofu na maumivu huzuia oksitosini isitoke, na adrenalini, homoni ya hofu, huifanya isifike vizuri kwenye titi. Tunawaomba sana jamaa: maneno ya "huna maziwa" yasisemwe mbele ya mzazi.

Sasa nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, sentimita 3 hadi 4 kutoka chuchuni. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze vidole wala kuvuta chuchu, utajichubua. Kamua dakika 3 hadi 5, hamia titi la pili, kisha rudia yote mawili, ukizungusha vidole kila upande. Titi la pili likitona lenyewe, au tumbo la uzazi likikaza siku za mwanzo, oksitosini imefika. Dang'a huwa matone tu; ikinge kwa kijiko safi, usiimwage.

Sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari huendeshwa vingine. Dopamini, kemikali itokayo kwenye ubongo, huifikia kwa vijishipa vya damu na kuizuia prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Kila unapokamua kizuizi hicho hulegea. Kwa hivyo kamua mara 8 au zaidi kwa saa 24, na za usiku wa manane usiziruke, kwani usiku prolaktini hupanda zaidi.

Lakini mzazi aliyetokwa na damu nyingi sana akijifungua, na matiti yakabaki laini bila tone, huenda tezi ya pituitari yenyewe imeumia kwa kukosa damu. Huyo hakandwi nyumbani akangojewa. Apelekwe hospitali upesi akapimwe homoni, hasa akiwa mnyonge, anatapika au anazimia, maana tezi hiyo ndiyo inayoamrisha pia kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili shida, na kuikosa kunaweza kuua.