Namna ya kupima betri ya gari na kuongeza maji yake bila kuiharibu

Katika maduka mengi ya vipuri, jina "maji ya betri" hutumika kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ni tindikali ya salfa iliyozimuliwa, ambayo hutiwa mara moja tu katika betri mpya iliyouzwa ikiwa kavu. Kingine ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena bila chumvi yoyote, na hayo ndiyo yanayohitajika kila kina kinapopungua. Anayetia tindikali mahali pa maji huharibu betri ambayo bado ingeweza kufanya kazi, na sababu yake haieleweki mpaka mtu ajue kinachotokea ndani.

Betri ya volti 12 ina seli sita zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Ndani ya seli, mabamba chanya yana dioksidi ya risasi ya rangi ya kahawia iliyokolea, na mabamba hasi yana risasi yenye vinyweleo kama sifongo. Yote yamezama katika tindikali. Betri inapotoa umeme, salfeti iliyomo katika tindikali hushikana na risasi ya mabamba ya pande zote mbili, na maji huzaliwa:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Tunapochaji, mwendo huo hurudi nyuma, na salfeti hutoka katika mabamba ikawa tindikali tena. Uwezo huo wa kurudi nyuma ndio uliofanya betri ya Gaston Planté, aliyoitengeneza Ufaransa mwaka 1859, iwe ya kwanza kuchajiwa upya. Kwa hiyo tindikali inapopimwa ikaonekana nyepesi, haijapotea. Imo ndani ya mabamba, na kinachoirudisha ni chaji. Kinachotoka kabisa katika betri ni maji, kwa kukauka kwa joto na kwa kuvunjwavunjwa na umeme kuwa haidrojeni na oksijeni wakati wa kuchaji.

Kabla ya kufungua vizibo, fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na sigara na cheche, kwa sababu haidrojeni ikifikia asilimia 4 tu ya hewa huweza kulipuka. Vaa miwani na glavu za mpira. Weka karibu ndoo ya maji safi na magadi, yaleyale ya kupikia maharage, kwani huua ukali wa tindikali iliyomwagika sakafuni au kwenye bodi ya gari. Tindikali ikigusa ngozi au jicho usipake magadi: osha kwa maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15, na kwa jicho nenda hospitali.

Anza na volti. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, washa taa kubwa kwa dakika moja, zizime, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Betri isiyo na vizibo vya kufunguka hupimwa hivi tu.

Yenye vizibo ipimwe pia kwa haidromita (bomba lenye boya linaloonyesha tindikali ni nzito mara ngapi ya maji), ambayo mimi huiamini zaidi kwa kuwa huonyesha hali ya kila seli peke yake. Vuta tindikali mpaka boya lielee bila kugusa kuta za bomba, usome namba, uirudishe katika seli ileile, uandike. Usipime mara baada ya kuongeza maji, kwa sababu hukaa juu bila kuchanganyika. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, 1.265 ni seli iliyojaa, 1.190 ni nusu, na 1.120 ni tupu. Joto huipunguza namba: kwa kila nyuzi 10 zilizozidi 25 ongeza 0.007, jambo lisilofaa kupuuzwa pwani, ambako betri iliyoegeshwa juani hupita nyuzi 35 kwa urahisi.

Ikiwa mabamba yako wazi, tia maji yaliyokenekwa yafunike tu, kisha chaji. Kina cha mwisho, takriban sentimita moja juu ya mabamba, kijazwe baada ya chaji, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na kingefurika. Maji ya bomba au ya kisima yana chuma na kloridi, ambazo huifanya betri ijimalize yenyewe hata gari likiwa limelala. Nayo tindikali ya kuongezwa itapandisha namba ya haidromita huku salfeti ikibaki palepale katika mabamba, na ukali uliozidi utaendelea kuyala.

Tumia mkondo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri: ampea 6 kwa betri ya ampea-saa 60. Betri imejaa namba za seli zisipopanda tena katika vipimo vitatu vya saa moja moja. Usiahirishe kazi hii, maana salfeti changa ni fuwele ndogo zinazoyeyuka upesi, lakini zikiachwa kwa wiki kadhaa hukua na kuwa ngumu, na chaja ya kawaida haiziwezi.

Seli moja ikibaki chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya chaji kamili, betri hiyo inahitaji kubadilishwa. Usimwage tindikali yake wala kupasua kasha. Ipeleke ikiwa nzima na wima kwa wakusanyaji wenye kibali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi, watoto wakiwamo, walidhurika kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.