Somo: Kuitambua Tuberaria guttata Kabla ya Adhuhuri

Tuberaria guttata ni mmea mdogo wa mwaka mmoja, wenye maua ya manjano, unaoota penye uwazi baina ya vichaka vya nchi za Mediterania kama Ureno, Hispania na Moroko. Wengi wanaoukosa huponzwa na saa kuliko macho, kwa sababu ua hufunguka asubuhi yenye jua na mara nyingi petali huwa zimekwisha kupukutika adhuhuri.

Hatua ya kwanza: nenda majira ya kuchipua, uchague ardhi ya kichanga isiyo na chokaa, nawe uwe umefika saa tatu asubuhi.

Hatua ya pili: tazama petali. Ni tano, na kwa kawaida kila moja ina doa la hudhurungi iliyokoza kwenye kitako chake. Jina guttata, la Kilatini, linatokana na doa hilo. Hata hivyo usilitegemee peke yake, kwa kuwa baadhi ya mimea haina doa kabisa.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ina uzito kuliko zote: shika shina karibu na ardhi. Halimium ocymoides, kichaka cha familia hiyohiyo ya Cistaceae, nacho huchanua manjano yenye madoa meusi katika ardhi ya namna hiyo, lakini shina lake ni gumu kama ukuni, ilhali la Tuberaria ni laini, lina vinyweleo, na mmea wote kwa kawaida hauzidi sentimita 30.

Maswali ya wanachama

Swali: Nilifika alasiri nikakuta sepali tu (vijani vya kijani vinavyozunguka ua kwa nje). Je, nisubiri mwaka ujao?

Jibu: La. Mmea mmoja hutoa maua kadhaa kwa zamu, basi rudi kesho mapema.

Swali: Kwa nini wachimbaji wa uyoga huufuata mmea huu?

Jibu: Terfezia arenaria, uyoga unaokomaa chini ya mchanga na kuliwa Ureno, Hispania na Moroko, huishi kwa kushirikiana na mizizi ya Tuberaria guttata. Mchimbaji mzoefu huanza kwa kutafuta mmea, kisha hukagua nyufa na vivimbe vidogo vya udongo kandokando yake.

Swali: Je, hupatikana Mediterania pekee?

Jibu: Hapana, hufika hata kisiwa cha Anglesey, Wales, kwenye pwani zenye miamba.