Kutoa asembli ya Intel kwenda AT&T kwenye GCC

Kama una kodi ya C ya Visual C++ yenye __asm (maagizo ya asembli, lugha ya karibu na mashine) ndani, kompaila ya GCC haiikubali hivyo hivyo. Intel na AT&T ni namna mbili za kuandika asembli, na GCC kwa kawaida inatumia ya AT&T. Anza na mpangilio: Intel inaweka pa kupokea kwanza, AT&T mwisho, kwahiyo mov eax, 5 inakuwa movl $5, %eax, namba inavaa $, rejista (sehemu ndogo ya kuhifadhi ndani ya prosesa, kama eax) inavaa %, na ile l ya movl ni ya biti 32. Anwani za kumbukumbu ndo zinasumbua watu, [ebx+ecx*4+8] inakuwa 8(%ebx,%ecx,4). Ukiingiza vigezo vya C kwenye asm kwa nukta mbili (:) andika %%eax, asilimia mbili, na rejista uliyoichafua (uliyoibadilisha thamani) itaje mwishoni mwa asm jamani, usipoitaja kompaila inaweza kuendelea kuitumia kana kwamba haijaguswa, majibu yanatoka ya ajabu na hakuna erra. Kodi ni ndefu mno? Kompaili na chaguo la -masm=intel, mpangilio wa Intel unabaki uleule, ila maagizo bado yakae ndani ya alama za nukuu.