Muuguzi Anayetaka Kufanyia Kazi Nyumbani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuaga Wodi

Wauguzi wengi huanza kufikiria kazi ya nyumbani siku ambayo mwili umekataa. Mgongo unauma kwa kugeuza na kunyanyua wagonjwa, zamu ya usiku imefuatiwa na safari ndefu ya daladala, na mtoto nyumbani amelala akimsubiri mama ambaye atakuja yeye akiwa tayari shuleni. Sababu hizi ni za kweli, na muuguzi hapaswi kuona haya kwa kuzitaja. Lakini uchovu ni mshauri mbaya katika jambo linalogusa leseni, kipato na ujuzi uliopatikana kwa miaka, na kwa hiyo mwongozo huu unakusudia kumsaidia muuguzi apime jambo hili akiwa ametulia.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba uuguzi hufanywa kwa macho, mikono, pua na masikio kwa pamoja. Kazi inapohamia nyumbani, muuguzi hubaki na masikio yake na kile alichokwisha kukijua. Faida na hasara zote zitakazoelezwa hapa zinatokana na badiliko hilo.

Ni kazi zipi hasa

Kazi za muuguzi zinazoweza kufanyika nje ya wodi zina makundi mawili, na ni muhimu kutoyachanganya. Kundi la kwanza ni lile ambalo muuguzi anazungumza na mgonjwa na kutoa uamuzi: kupokea simu za watu wanaoomba ushauri, kuwafuatilia wagonjwa wa kisukari au shinikizo la damu kwa simu ili kujua kama wanatumia dawa ipasavyo, au kumwelekeza mama aliyejifungua. Huko Uingereza, kwenye namba 111 ya huduma ya taifa ya afya, wauguzi ni miongoni mwa wanaotathmini wapigaji simu. Tanzania nayo ina namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo mwananchi huipiga bila malipo kuuliza masuala ya afya. Huduma za namna hii mara nyingi huendeshwa katika vituo maalumu, lakini kazi yenyewe ndiyo ambayo baadhi ya waajiri wameanza kuiruhusu ifanyike nyumbani.

Kundi la pili ni la makaratasi: kukagua madai ya bima, kubadili maelezo ya magonjwa kuwa alama za kimataifa ambazo Shirika la Afya Duniani huziandaa, kuandaa masomo ya wanafunzi wa uuguzi, kuandika kumbukumbu za daktari anayemwona mgonjwa mahali pengine. Kazi hizi hazihitaji uamuzi wa papo hapo juu ya uhai wa mtu, na kwa sababu hiyo ndizo zinazovuka mipaka ya nchi kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Leseni iliyotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania au na Baraza la Wauguzi la Kenya haimpi muuguzi haki ya kumshauri mgonjwa aliyeko Marekani au Uingereza, hata kama mazungumzo yanafanyika kwa simu na muuguzi hajatoka sebuleni kwake. Kwa Marekani, kinachotazamwa kwa kawaida ni jimbo alipo mgonjwa, na muuguzi hutakiwa kuwa na leseni inayokubalika katika jimbo hilo. Mwajiri akikwambia kwamba suala la leseni lisikusumbue, basi hiyo ni sababu tosha ya kumwogopa. Vilevile, yeyote anayedai ada ya usajili au ya mafunzo kabla ya kukuajiri aachwe mara moja.

Faida zinazostahili kuhesabiwa

Faida ya wazi zaidi ni kwa mwili. Muuguzi anayefanyia kazi nyumbani hachomwi na sindano iliyotumika, hapumui hewa ya wodi ya kifua kikuu, na hasimami saa nyingi mfululizo. Muuguzi aliyeumia mgongo, mjamzito ambaye ameshauriwa apumzike, au anayemlea mzazi mgonjwa anaweza kubaki ndani ya taaluma badala ya kuiacha kabisa, na kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Florence Nightingale mwenyewe, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, baada ya kurejea kutoka vita vya Crimea mwaka 1856, aliugua kwa miaka mingi na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa chumbani London, akiandika taarifa, takwimu na ushauri kuhusu ujenzi wa hospitali. Hakuna anayesema kwamba hakuwa muuguzi katika miaka hiyo.

Faida nyingine ni kuokoa nauli na muda wa njiani, na kuwahudumia watu walio mbali na kituo cha afya. Kwa muuguzi anayezungumza Kiswahili vizuri kuna faida ya ziada ambayo haithaminiwi vya kutosha: anaelewa mgonjwa anamaanisha nini anaposema ana kichomi, kwamba presha imempanda, au kwamba mtoto ameshikwa na degedege. Wagonjwa wanaozungumza Kiswahili wapo pia Ulaya, Ghuba na Amerika ya Kaskazini, na muuguzi mwenye leseni ya huko anayewasikiliza kwa lugha yao ana thamani kubwa.

Kupima mgonjwa kwa masikio

Hasara kubwa kuliko zote ni kutomwona mgonjwa, na inafaa tuitazame kwa mfano. Mama anapiga simu usiku na kusema kwamba mwanawe wa miezi minane ana homa na anakohoa. Wodini, muuguzi angemwangalia mtoto kwa sekunde chache na kujua kama kifua kinabonyea, kama macho yamelegea, kama ngozi imekauka. Kwenye simu hana chochote kati ya hivyo, na ni lazima ayapate yote kupitia kwa mama mwenye hofu.

Kwa hiyo anatakiwa aanze na dalili za hatari kabla ya swali lingine lolote: Je, mtoto ananyonya au kunywa? Je, anatapika kila kitu? Je, amepata degedege? Je, amelegea sana au haamki? Jibu moja tu la hatari linatosha kumaliza maswali, na mama aelekezwe aende hospitali wakati huohuo. Dalili hizo zikikosekana, muuguzi amwombe mama amfunue mtoto kifua akiwa ametulia, kisha ahesabu pumzi kwa dakika nzima huku muuguzi akitazama saa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Aliye chini ya miezi miwili, kiwango ni 60. Na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, ni 40. Simu ikiwekwa karibu na mdomo wa mtoto, muuguzi mzoefu anaweza pia kusikia mkoromo au mluzi wa kifua. Mwishoni amwombe mama arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu “ndiyo, nimeelewa” ya saa nane za usiku haina uhakika wowote.

Mfano huu unaonyesha kwa nini kazi ya ushauri wa simu haimfai aliyemaliza chuo mwaka jana. Anayesikia hatari kwenye simu ni yule ambaye amekwisha kuiona mara nyingi kitandani. Ningemshauri muuguzi kijana akae wodini miaka kadhaa, hasa katika wodi ya watoto, ya wazazi au idara ya dharura, kabla ya kuomba kazi ya namna hii.

Hasara nyingine

Ujuzi wa mikono hufifia. Muuguzi ambaye kwa miaka miwili hajamwekea mgonjwa kanula, yaani mrija mdogo wa kwenye mshipa, ataikuta mikono yake imekuwa mizito, na akitaka kurudi wodini atahitaji kusimamiwa upya. Upweke nao ni mzigo: wodini, mgonjwa akifariki, wenzako wapo, na mnapokabidhiana zamu unasema lililotokea na kulitua. Nyumbani, simu mbaya inapokatika unabaki na ukimya wa chumba.

Siri ya mgonjwa ni suala ambalo wengi hulichukulia kirahisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zote zinagusa taarifa za afya. Anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, ukuta mwembamba na ndugu wanaotazama televisheni, ajiulize kwa dhati kama mgonjwa angekubali kueleza habari za uzazi wake katika mazingira hayo. Kompyuta ya kazi haichangiwi na watoto wa shule, na jina la mgonjwa haliandikwi kwenye daftari la jikoni.

Kwa wanawake, ambao ndio wengi katika taaluma hii, kuna jambo la kusemwa waziwazi: aliye nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi. Ataitwa aangalie chungu, ampokee mgeni, ampeleke mtoto kliniki. Familia ielezwe mapema, na mwenzi wa ndoa akubali, kwamba saa za zamu ni saa za zamu.

Namna ya kujiandaa

Anza kwa kuandika hesabu ya mwezi mmoja. Upande mmoja weka mshahara wa sasa pamoja na posho, mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na bima ya afya. Upande wa pili weka malipo unayoahidiwa, kisha utoe bando la intaneti, umeme, betri ya akiba, kodi, na michango ambayo sasa utailipa mwenyewe. Wengi hushangaa kuona kwamba malipo yaliyoonekana makubwa yamepungua kiasi hicho. Mkataba usomwe wote, hasa sehemu inayoeleza kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi, yaani mtu anayelipwa kwa kazi bila kuajiriwa, maana mkandarasi hana likizo ya uzazi wala ya ugonjwa. Uliza pia kwa maandishi ni nani atakayewajibika mgonjwa akidhurika kutokana na ushauri uliotolewa.

Ukiajiriwa na kampuni ya ng’ambo, pima saa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni ya Dar es Salaam na Nairobi wakati wa kiangazi cha kwao, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. Zamu yenye urefu wa saa nane itakwisha saa sita au saa saba usiku. Aliyekimbia zamu za usiku asije akazisaini tena bila kujua.

Chumba kiwe na mlango unaofungwa, kiti kinachoshika mgongo, na hedifoni zenye maikrofoni. Jaribu intaneti yako saa zilezile utakazofanya kazi, na uwe na laini ya pili ya mtandao mwingine, kwa kuwa simu ya mgonjwa inayokatika katikati ya maelezo ni hatari. Anza kila simu kwa kuchukua namba ya mpigaji na mahali alipo, ili ikikatika uweze kumpigia au kumtumia msaada.

Kama inawezekana, usiache kazi mara moja. Omba likizo, au ufanye kazi mpya kwa saa chache huku ukibaki na zamu kadhaa za wodini; mtumishi wa umma aombe kwanza ruhusa ya mwajiri wake. Hata baada ya kuhama, zamu moja au mbili kwa mwezi zitalinda mikono na kurahisisha kuhuisha leseni. Wauguzi waliosajiliwa Uingereza, kwa mfano, hutakiwa kuonyesha saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza katika kila miaka mitatu. Kazi ya nyumbani inaweza kuhesabiwa iwapo inategemea ujuzi wa uuguzi, mradi kumbukumbu zake zimetunzwa tangu siku ya kwanza.